Kinanyoa, Lakini Kitakata?

Mzee alikipokea kigumba, kile chuma cha mbele ya mshale, akakigeuza juani, akakipitisha taratibu kwenye mkono wake. Vinyweleo vikadondoka. Kilikuwa kipya, kimetoka kwenye kasha siku ileile, bado kina mafuta ya kiwandani, na juu ya kasha waliandika kwamba kiko tayari kwa mawindo.

Hakusema kitu. Akatoa raba bendi mfukoni, akaivuta kati ya vidole viwili bila kuikaza sana, akaniambia nikipitishe kigumba juu yake kwa uzito wake tu, nisikandamize. Raba ikabonyea. Ikasogea pamoja na chuma, ikateleza kando, nzima kabisa.

"Kinanyoa," akasema. "Lakini mnyama haji kunyolewa, mwanangu."

"Mzee, kinachonyoa si ndicho kikali?"

"Basi iulize raba."

Akaendelea na shughuli zake. Mimi nikaondoka na kigumba na swali, na swali likanikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Chuma kinachoondoa unywele kinashindwaje na raba?

## Mkunjo

Jibu la kwanza nililipata pale nilipokigeuza kigumba na kukijaribu mkononi kwa upande wa pili.

Hakikunyoa hata unywele mmoja.

Ukinoa chuma upande mmoja mpaka makali yakutane, chembechembe za mwisho hazikatiki. Zinalala upande wa pili na kufanya mkunjo mwembamba sana, ambao jicho tupu haliuoni kirahisi. Mkunjo huo ni mkali kwelikweli, ndiyo maana unanyoa. Ila hauna kitu nyuma yake cha kuushikilia. Ukisukumwa kidogo tu unajipinda, na kuanzia hapo kinachopita nyamani si makali tena, ni ukingo wa mviringo.

Kuutambua si kazi ngumu ukishajua unachotafuta. Weka ukucha wa kidole gumba juu ya bapa la kigumba, uuburute kuelekea nje, yaani uvuke makali kama unayakimbia, usiyafuate. Fanya hivyo pande zote mbili. Upande wenye mkunjo, ukucha utakwama kidogo pale mwishoni. Kisha kikalishe kigumba chini ya taa, makali yakiwa yamekutazama wewe moja kwa moja, na ukisogeze polepole. Makali ya kweli hayarudishi mwanga kwa sababu hayana uso wa kuurudishia. Ukiona mstari unaong'aa, au nukta moja tu inayometameta, hapo pana butu au pana mkunjo.

Kigumba changu kipya kilikuwa na mstari unaong'aa kutoka karibu na ncha hadi katikati.

Unywele umeshikwa na ngozi kwenye shina lake, umesimama, hauna pa kukimbilia. Mshipa wa damu ndani ya pafu ni habari nyingine: unavutika, umelowa, umelegea, na ukisukumwa na kitu kisicho kikali unasogea pembeni. Hapo ndipo nilipoielewa raba bendi. Mzee hakuwa akifanya mazingaombwe. Alikuwa amechagua kitu kinachofanana na mshipa kuliko unywele unavyofanana nao.

## Mshale hauui kama risasi

Wanaotumia upinde wanalijua hili, ila nilihitaji kujikumbusha kwa tarakimu ili nielewe kwa nini jambo dogo kama mkunjo linaweza kuharibu siku nzima.

Upinde wa asili wa pauni 50 hivi (ndiyo nguvu ya kuuvuta) hurusha mshale wa gramu 35 kwa mwendo wa takriban mita 55 kwa sekunde. Piga hesabu, utapata nishati ya jouli 50 na ushei. Risasi ndogo ya .22, ile ambayo watu huiona ni ya kuchezea, hubeba zaidi ya mara mbili ya hiyo. Kwa hiyo mshale hauna mshindo wa kumwangusha mnyama wala wa kusambaratisha nyama. Una kazi moja tu: kukata, ili damu itoke upesi na hewa iingie kifuani, mapafu yasinyae. Mnyama aliyekatwa vizuri kwenye mapafu yote mawili huanguka ndani ya sekunde chache. Aliyechanwa vibaya anaweza kutembea mpaka giza liingie, na wewe nyuma yake, ukihesabu matone kwenye majani.

Wawindaji wa kale wa ukanda wetu walilitatua tatizo hili kwa njia nyingine. Wawata, ambao wengi huwaita Waliangulu, walivuta pinde nzito mno na kupaka mishale yao sumu ya msunguti. Wahadzabe nao wana sumu zao za mimea. Mshale wa sumu hauhitaji kufungua jeraha kubwa, unahitaji kuingia tu na kubaki ndani. Sumu ndiyo inayomaliza kazi. Ndiyo maana vigumba vya namna hiyo mara nyingi ni vyembamba, na shingo yake ndefu hupakwa dawa.

Anayewinda leo kwa kibali, katika nchi zinazoruhusu uwindaji wa upinde, hana sumu. Sheria nyingi zinaikataza, na ni sawa zikataze. Amebakiwa na chuma kitupu. Kila kilichokuwa kikifanywa na msunguti sasa kinadaiwa kutoka kwenye ukingo usioonekana kwa macho.

Na mimi nilikuwa naununua ukingo huo ukiwa tayari ndani ya kasha.

## Mabishano ya tupa na kinoo

Nilirudi kwa mzee na maelezo yangu ya mkunjo. Alinisikiliza mpaka mwisho (jambo ambalo si la kawaida kwake), kisha akanionyesha anavyonoa yeye. Anabana kigumba kwenye jiliwa, anachukua tupa, anapiga kwa mwelekeo mmoja kuanzia shingoni hadi nchani, mapigo marefu mazito, kisha mepesi, kisha ya kugusa tu. Basi. Hana kinoo wala ukanda wa ngozi. Makali yake ukiyapitisha kidole kwa upole yanakwaruza. Yana vijino vidogo vilivyoachwa na tupa.

Yakapita kwenye raba bendi bila kusita.

Hapo ndipo shaka yangu ya pili ilipoanza, na hii ilikuwa nzito kuliko ya kwanza. Vijino ni bora kuliko makali laini?

Kuna kizazi kizima cha wawindaji wa upinde walioamini hivyo. Hoja yao ni kwamba vijino vinashika. Kitu kinachovutika kikikutana na ukingo laini kinaweza kuteleza, lakini kikikutana na jino kinanaswa na kukatwa. Na zaidi ya hoja kuna urahisi: tupa moja mfukoni, dakika chache, kigumba kimerudi kazini.

Upande wa pili amesimama Ed Ashby, Mmarekani aliyeanza katika miaka ya 1980, huko Natal, Afrika Kusini, kupiga mishale kwenye wanyama wakubwa na kuandika kila kilichotokea: imeingia kiasi gani, imegonga mfupa gani, imevunjika wapi. Yeye ni mtu wa makali laini, yaliyonolewa na kusuguliwa mpaka yakawa kama kioo. Hoja yake kuhusu damu ndiyo iliyonigeuza. Mwili unapoumia, seli zilizopondeka na kuchanika humwaga vitu vinavyoiamuru damu igande. Kadiri jeraha lilivyochanwachanwa, ndivyo amri hiyo inavyokuwa kubwa. Mshipa uliochanika nao hujikunja na kujibana wenyewe. Mkato safi hauamshi vurugu hiyo kwa kiwango hicho. Kila anayenyoa ndevu anaijua tofauti: umejikwaruza ukutani ukavua ngozi nusu kiganja, damu imekauka kabla hujafika bombani, umejikata na wembe mpya mahali usipopahisi hata maumivu, unabandika karatasi juu ya karatasi na bado inachuruzika.

Nilichukua kipande cha ngozi kavu ya mnyama, yenye manyoya yake, nikakiloweka, nikakitandika juu ya sponji nene. Kigumba cha tupa na kigumba cha kinoo, kimoja baada ya kingine, nikivisukuma kwa mkono taratibu. Cha kinoo kiliingia kwa kusukumwa kidogo. Cha tupa kiliingia pia, lakini nilipokichomoa kilikuwa na kitu: nyuzi za manyoya na ukoko wa mafuta vimejazana katikati ya vijino, kuanzia ncha mpaka nusu ya urefu. Sasa kile kilichobaki kufanya kazi ndani kilikuwa vijino vilivyoziba.

Kwa hiyo hapa natofautiana na mzee, kwa heshima zote. Nanoa laini.

Ila nampa haki yake kwa jambo moja, na si dogo: makali ya tupa yasiyo na mkunjo ni bora mara nyingi kuliko makali ya kung'aa yenye mkunjo. Yeye hayuko mbali na ukweli kama alivyo mbali nao yule anayesugua kigumba mpaka kikawa kioo huku hajawahi kukigeuza upande wa pili.

## Kinachobaki baada ya ubavu

Jamaa yangu mmoja aliniletea vigumba viwili vilivyotoka kazini. Aina moja, chuma kilekile, makali mawili kila kimoja. Vyote vilipita ubavu wa mnyama, vikatokea upande wa pili, vikachimbia ardhini. Kimoja alikinoa mwenyewe kwa pembe nyembamba sana, maana alitaka kiwe kikali kupindukia. Kingine alikiacha na pembe nene zaidi, akaking'arisha tu.

Niliviosha, nikavikausha, nikaviweka chini ya taa.

Kile chembamba kilikuwa na mstari unaong'aa wenye urefu wa kama punje mbili za mchele, nyuma kidogo ya ncha, mahali palipogusa ubavu. Chuma pale kilikuwa kimelala upande, kama nilivyouona mkunjo wa kiwandani, ila huu ulikuwa mkubwa kiasi cha kuonekana bila lenzi. Kuanzia hapo kwenda nyuma makali yalikuwa mazima. Kile kinene kilikuwa na alama ndogo tu, na bado kilikata raba kwa sehemu kubwa ya urefu wake, udongo na yote.

Nikakaa nikavitazama kwa muda mrefu.

Fikiria safari ya kigumba. Kwanza manyoya, ambayo yamejaa vumbi na mchanga, na mchanga ni adui wa makali yoyote. Kisha ngozi. Kisha, mara nyingi, ubavu. Ndipo mapafu. Sisi tunakijaribu kigumba mkononi kabla ya safari, tunanyoa vinyweleo, tunafurahi. Lakini mapafu hayakutani na kigumba hicho. Yanakutana na kigumba kilichokwisha kupita vumbi, ngozi na mfupa.

Ukali unaohitajika ni ule uliobaki.

Nikiitazama kazi yote ya kunoa kutokea hapo, maswali yanabadilika. Pembe ya nyuzi 15 kila upande hukata vizuri kuliko ya nyuzi 25, hilo halina ubishi, mpaka inapogusa mfupa. Chuma laini kinanolewa haraka kwa tupa, lakini hujikunja upesi. Chuma kigumu mno tupa inateleza juu yake, unahitaji kinoo cha almasi na subira, na kikizidi ugumu kinaweza kumeguka badala ya kujikunja. Kati ya hizo pande mbili pana nafasi, na kwangu nafasi hiyo ni nyuzi 20 hadi 25 kila upande kwa kigumba cha makali mawili, chuma ambacho tupa mpya yenye meno madogo bado inakiuma.

Hata ncha imo. Ncha iliyochongwa kama sindano inapendeza machoni, ila ikigonga mfupa hujikunja kama ndoano, na kigumba chenye ndoano mbele hakiendi popote. Nimeanza kuikata ncha kwa tupa kidogo sana, iwe na pembe fupi nene, bado kali. Kwenye ngozi haina hasara ninayoiona. Kwenye mfupa inasimama.

## Makali mawili au matatu

Swali hili ndilo watu huanza nalo, na mimi nimeliweka huku nyuma makusudi.

Kigumba cha makali mawili kinapenya zaidi. Ni kabari nyembamba; nguvu ya upinde haigawanywi sana. Howard Hill, aliyeangusha tembo kwa upinde mrefu, alishikilia kwamba urefu wa kigumba uwe mara tatu ya upana wake, na kipimo hicho bado kinaheshimiwa. Upungufu wake ni kwamba jeraha lake ni mpasuko mmoja, na mpasuko unaweza kujifunga ngozi ikisogea, damu ikamwagikia ndani, ukakosa alama za kufuata.

Cha makali matatu kinaacha tundu lisilojifunga kirahisi. Kinalipia kwa kupenya kidogo, maana kina chuma kingi zaidi cha kusukuma. Lakini kina zawadi moja ambayo haisemwi vya kutosha: kinajinoa chenyewe, karibu. Unakilaza juu ya tupa bapa, makali mawili yanagusa kwa pamoja, pembe imeshajipanga yenyewe kwa nyuzi 60, unakisukuma mbele, unakizungusha, unarudia. Mtu ambaye mkono wake haujazoea kushikilia pembe anaweza kupata makali mazuri jioni yake ya kwanza.

Hivyo mnyonge wa kupenya anaweza kumshinda mbabe wa kupenya, kwa sababu tu mwenye mkono alikiweza.

Hapo ndipo nilipofika baada ya wiki zote hizo, na sikutarajia kufika hapo. Nilidhani kuchagua kigumba ni jambo moja na kukinoa ni jambo jingine, unachagua kwa kuangalia mnyama na upinde, kisha unanoa. Sasa naona ni uamuzi mmoja. Kigumba usichoweza kukinoa kwa mikono yako, kwa vifaa ulivyo navyo, si chaguo lako hata kama kila mtu anakisifu. Upinde wa pauni 40 na mnyama mwenye mwili mkubwa, hapo sina mjadala, ni makali mawili, na ni lazima ujifunze kushika pembe. Upinde wa pauni 55 na swala mdogo, chukua matatu ukitaka, ulale usingizi.

Vile vigumba vya wembe wa kubadilisha navipita haraka. Ni vikali sana siku ya kwanza, na wembe wake ni mwembamba, hupenda kuvunjika kwenye mfupa. Vile vinavyofunguka vyenyewe vikigonga navyo navipita: vinatumia sehemu ya nguvu ya mshale kujifungua, na upinde wa asili hauna nguvu ya kugawa bure.

## Kunoa kwenyewe

Ninavyofanya sasa kwa kigumba cha makali mawili.

Kwanza napaka maka peni kando ya makali, pande zote. Napiga tupa mara moja, natazama wino umefutika wapi. Ukifutika mabegani tu, mbali na ukingo, pembe yangu imelala mno na siyafikii makali. Ukifutika ukingoni peke yake, nimeinua mno. Hii ndiyo hatua iliyobadilisha mikono yangu kuliko nyingine yoyote, kwa sababu kabla ya hapo nilikuwa nahisi pembe, na sasa naiona.

Nanoa upande mmoja mpaka nipate mkunjo kwenye urefu wote, kuanzia nchani hadi shingoni. Ndiyo, naitafuta ile ile kasoro. Mkunjo ukijitokeza ni ushahidi kwamba pande mbili za chuma zimekutana. Mahali usipojitokeza hapajafika. Kisha nageuza, nafanya vivyo hivyo. Kisha nahamia kwenye kinoo laini, na hapa ndipo watu wengi huchoka: mapigo yanapungua uzito hatua kwa hatua, nabadilisha upande kila pigo, mpaka mwisho kigumba kinagusa kinoo kwa uzito wake tu. Mkunjo unazidi kuwa mdogo. Ukikandamiza mwishoni unatengeneza mwingine.

Mwisho ni ukanda wa ngozi uliopakwa dawa ya kung'arisha chuma, navuta kinyumenyume, makali yakifuata nyuma. Ngozi inaking'oa kile kilichobaki.

Ukucha. Taa. Raba bendi. Unywele naujaribu pia, lakini kwa pande zote mbili.

Cha makali matatu hakina ukanda wa maana kwa namna hiyo. Nakilaza kwenye kinoo laini, kisha kwenye kipande cha ngozi kilichobandikwa juu ya ubao, mwendo ni uleule wa kuzungusha.

## Uzito, kwa kifupi

Uzito wa vigumba hupimwa kwa greni, na gramu moja ni kama greni 15. Cha greni 125 ni chepesi kwa upinde wa asili. 200 hadi 300 si jambo la ajabu. Uzito mbele humsaidia mshale kuendelea kusonga baada ya kugusa mnyama. Lakini ukiongeza uzito mbele, wano, yaani ule mti wa mshale, linakuwa kama limelegea, linapinda zaidi linapotoka kwenye upinde, na mshale unaoruka ukitikisa mkia unafika ukiwa mshazari. Nguvu inayopaswa kusukuma makali inaishia kupindisha wano. Ashby mwenyewe anauweka uimara wa mshale mzima mbele ya yote, kisha kuruka kwake sawa, ndipo mengine yafuate. Kwa hiyo nikibadili uzito wa kigumba narudi uwanjani kwanza na mishale isiyo na manyoya ya mkiani, niipige pamoja na yenye manyoya. Kwa mpigaji wa mkono wa kulia, mshale mtupu unaotua kulia kwa wenzake wenye manyoya unasema wano ni laini mno. Ukitua kushoto, ni gumu mno.

Na kigumba kikae sawa. Zungusha mshale juu ya ukucha au mezani. Ncha ikichora duara, pasha gundi moto, ukipangilie upya. Makali yaliyopinda yanashika hewa mbele ya mshale na kuuongoza yanakotaka yenyewe.

## Ndani ya podo

Baada ya kazi yote hiyo, makali yanaweza kufa kabla hata hujapiga mshale. Vigumba vikigusana ndani ya podo, ule mfuko wa mishale, vinagongana kila hatua unayotembea. Sponji kavu la podo nalo, ukilichoma na kuchomoa kutwa, linafanya kazi ya msasa mdogo. Unyevu wa usiku mmoja unatosha kuweka kutu kwenye chuma cha kawaida, na kutu huanzia palepale penye wembamba. Napaka mafuta mepesi au nta, kila kigumba kina nafasi yake, na asubuhi kabla ya kuondoka kila kimoja kinapita kwenye raba. Kisichokata kinabaki nyumbani au kinapelekwa kwenye ngozi.

Jambo moja bado sijaliamua. Kuna vigumba vinavyonolewa upande mmoja tu, pembe ya nyuzi 25 upande huu na bapa tupu upande ule. Vikiingia vinazunguka, na vikikuta mfupa huupasua kwa kuusokota. Kwa hoja yangu ya ukali uliobaki vinanivutia sana: ukingo una chuma kingi nyuma yake, na mkunjo unaushughulikia upande mmoja tu. Sharti lake ni kwamba mzunguko wa makali ufuate mzunguko wa manyoya ya mkia wa mshale, la sivyo mshale unaanza safari ukizunguka huku na kuimaliza ukizunguka kule. Manyoya yangu yote ni ya bawa la kushoto, na vigumba nilivyopata ni vya kulia. Nimeagiza vya kushoto. Vikifika nitaviweka kwenye mishale michache tu, niipitishe kwenye ngozi iliyolowa na ubavu mkavu nyuma yake, kisha niviweke chini ya taa kando ya vile viwili vya jamaa yangu.